Umefichua Ufisadi Kazini, Sasa Unaandamwa: Sheria Inakulinda Wapi?

Mfanyakazi wa chuo kikuu akigundua kwamba bidhaa zilizolipiwa hazikufika, au kwamba kuna majina ya vibarua hewa katika orodha ya mishahara, hujikuta njia panda. Akinyamaza, siku ya ukaguzi ataulizwa kwa nini alitia sahihi. Akisema, huenda mwezi ujao akapokea barua ya uhamisho, barua ya kutakiwa kujieleza, au ya kusimamishwa kazi. Wengi hutafuta usaidizi wakiwa wamechelewa, wakiwa na uchungu mwingi na karatasi chache. Mara nyingi kinachoamua kesi za namna hii ni mambo mawili ambayo mtu hayafikirii wakati huo: mlango aliobisha kwanza, na tarehe alizoandika.

Makala haya yanaeleza mambo hayo mawili. Yanawahusu wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hapa Nyeri, wa Chuo Kikuu cha Karatina kule Mathira, na wa vyuo jirani vya Kirinyaga, Murang'a, Embu, Chuka, Meru na Laikipia. Vimetajwa kwa sababu ni waajiri wakubwa katika miji inayozunguka Mlima Kenya, si kwa sababu nyingine. Vyuo vikuu vya umma haviko chini ya serikali ya kaunti, lakini wanaofanya kazi humo ni wakazi wetu, na sheria nyingi zinazowalinda ndizo zinazomlinda muuguzi wa Othaya na karani wa Mukurwe-ini. Kwa mfanyakazi wa kaunti kuna hatua moja ya ziada, nayo imeelezwa mbele.

Karani wa Benki Kuu

Wakenya wenye umri wa kutosha wanalikumbuka jina la David Munyakei. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye idara iliyoshughulikia fedha za wauzaji bidhaa nje. Aliona malipo makubwa yakienda kwa kampuni ya Goldenberg International kwa madai kwamba ilikuwa ikiuza nje dhahabu na almasi, bidhaa ambazo nchi hii ilikuwa haina za kutosha hata kidogo kwa biashara ya kiasi hicho. Mwaka 1993 nakala za hati hizo ziliwafikia wabunge wa upinzani, na kashfa ikalipuka bungeni.

Munyakei alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka hayakufika mbali, lakini kazi aliipoteza na hakurudishwa. Tume ya Jaji Bosire iliyoundwa mwaka 2003 ilimwita kutoa ushahidi, na mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimtuza kwa uadilifu wake. Alifariki mwaka 2006 akiwa bado hana ile kazi.

Kisa chake kinafaa kukumbukwa kwa sababu ya kiufundi, mbali na huzuni yake. Mwaka 1993 hapakuwa na kifungu cha sheria ambacho angekishika mkononi na kusema, "Hiki ndicho kinachokataza mnachonifanyia." Leo vifungu vipo. Tatizo ni kwamba vimetawanyika. Uganda ina sheria maalumu ya kuwalinda wafichuzi tangu 2010, na humpa mfichuzi asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2015. Hapa Kenya miswada ya aina hiyo imeandikwa na kurudi mezani mara kadhaa, na kwa miaka hiyo yote mfanyakazi amelazimika kuokota kinga yake kipande hapa, kipande pale.

Kulipiziwa kisasi ni jambo moja, kubaguliwa ni jingine

Hapa ndipo malalamiko mengi huharibika. Mtu anaripoti wizi, anahamishwa, kisha anaandika: "Nimebaguliwa." Neno hilo kwa mazungumzo ya kawaida halina ubaya, lakini mahakamani lina maana yake.

Ubaguzi ni kutendewa tofauti na wenzako kwa sababu ya jinsi ulivyo au unavyohesabiwa kuwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inazitaja sababu hizo: rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa au mengineyo, uraia, kabila au asili ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya akili na hali ya virusi vya Ukimwi. Kufichua ufisadi hakumo katika orodha hiyo. Kulipiziwa kisasi ni kuadhibiwa kwa sababu ya ulichofanya, yaani uliripoti, ulishtaki au ulitoa ushahidi.

Madai haya mawili huthibitishwa kwa njia tofauti. Anayedai ubaguzi anahitaji wa kulinganishwa naye: mwenzake wa daraja lilelile, anayefanya kazi ileile, aliyepata alichonyimwa yeye. Anayedai kisasi anahitaji mfuatano wa matukio: niliripoti siku hii, bosi alijua siku hii, nikaadhibiwa siku hii.

Mfano mzuri wa ubaguzi unatoka katika chuo kikuu. Mwaka 2013 mahakama ya leba, ambayo wakati huo iliitwa Mahakama ya Viwanda, iliamua kesi ya mwanamke aliyetambulishwa kwa herufi VMK tu dhidi ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Alikuwa amepimwa virusi vya Ukimwi bila ridhaa yake, akanyimwa ajira ya kudumu na kulipwa chini ya wenzake. Mahakama iliamuru alipwe zaidi ya shilingi milioni 6. VMK hakuwa amefichua wizi wowote, wala hakuhitaji. Alichokionyesha ni tofauti kati yake na wenzake, na sababu ya tofauti hiyo.

Mtu mmoja anaweza kuwa na madai yote mawili. Akina mama hasa huyakuta pamoja: ameripoti matumizi mabaya ya fedha, kisha anaporudi kutoka likizo ya uzazi anakuta ofisi yake imepewa mtu mwingine. Anaruhusiwa kudai yote, mradi kila dai aliandike peke yake, na ushahidi wake. Akiyachanganya kwenye aya moja, wakili wa mwajiri atalijibu lililo dhaifu na kulipita lililo na nguvu.

Mlango unaobisha kwanza

Sheria haimlindi mfichuzi kwa sababu tu amesema ukweli. Inaangalia pia alimwambia nani.

Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 65, inakataza hatua yoyote, ikiwemo ya kinidhamu, dhidi ya mtu kwa sababu ya habari alizoipa EACC au mchunguzi wake. Ni kinga nzito, lakini soma vizuri: EACC au mchunguzi wake. Aliyepeleka habari hizohizo kwenye kundi la WhatsApp la idara hawezi kujifunika kwa kifungu hiki.

Sheria ya Hongo ya 2016 inakwenda mbali zaidi kwa upande wa adhabu. Kifungu cha 21 kinamfanya mhalifu mtu anayemshusha cheo, kumwonya, kumfuta kazi, kumhamishia mahali pagumu au kumtisha mfichuzi au shahidi katika malalamiko ya hongo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye cheo cha mamlaka aripoti hongo ndani ya saa 24 tangu kuijua au kuishuku. Kwa hiyo mkuu wa idara anayekuambia "hebu tulia kwanza, tutaongea" huenda yeye mwenyewe anajiweka pabaya.

Kipande ambacho wengi hawakijui, na ambacho kwa maoni yetu ndicho kipana kuliko vyote, kimo katika Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kifungu cha 16. Kinasema mtu asiadhibiwe katika ajira yake kwa kufichua habari alizopata kwa siri kazini, ikiwa ufichuzi huo ni kwa manufaa ya umma. Kinataja uvunjaji wa sheria na haki za binadamu, matumizi mabaya ya fedha, mgongano wa maslahi, ufisadi, na hatari kwa afya, usalama au mazingira. Habari iliyopelekwa kwa chombo cha kusimamia sheria au ofisi ya umma inayohusika huhesabiwa moja kwa moja kuwa ni ya manufaa ya umma. Na maana ya kuadhibiwa ni pana: kufutwa, kubaguliwa, kulipiziwa kisasi, hata kunyimwa kupandishwa cheo. Mwajiri anayesema "umetoa siri za ofisi" anajibiwa na kifungu hiki.

Juu ya zote hizo kuna Katiba. Kifungu cha 236 kinasema afisa wa umma asiandamwe wala kubaguliwa kwa kutekeleza kazi yake kulingana na sheria, na asifutwe, asishushwe cheo wala kuadhibiwa bila utaratibu wa haki. Mhadhiri wa chuo cha umma na mlinzi wa lango lake, wote wameajiriwa katika utumishi wa umma.

Nayo Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema kumshtaki mwajiri au kulalamika dhidi yake si sababu halali ya kukufuta, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko hayo yalikuwa ya kizembe na hayakuwa na msingi.

Karani wa stoo

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa stoo katika chuo kikuu fulani anapokea hati ya kupokelea mizigo inayosema magodoro 400 ya mabweni yamefika. Anahesabu, anapata 230. Anaambiwa atie sahihi, mengine "yako njiani". Anakataa, anamwendea mkuu wake na kumweleza kwa mdomo. Baada ya wiki 6 anahamishiwa kampasi nyingine, ambako hakuna stoo. Baada ya miezi 4 kandarasi yake inaisha na hairudishwi.

Anayo kesi? Kwa jinsi alivyoenda, ni dhaifu, hata kama kila anachosema ni kweli. Mkuu wake atasema hakuambiwa lolote. Uhamisho ni haki ya mwajiri, naye atadai uhitaji wa wafanyakazi. Kandarasi ya muda maalumu huisha yenyewe siku yake ikifika, na mahakama zetu hushikilia kwamba kutoirudisha si sawa na kumfuta mtu, labda aonyeshe kwamba mwajiri alimpa sababu ya kutegemea kuongezewa.

Sasa rudisha siku nyuma, abadilishe mambo machache tu. Jioni ileile aliyozungumza na mkuu wake, anamwandikia barua pepe fupi: "Kama nilivyokueleza leo, magodoro yaliyofika ni 230 na hati inasema 400. Naomba mwongozo." Wiki inayofuata, bila jibu, anapeleka habari EACC na kuhifadhi nambari ya taarifa aliyopewa. Kwenye daftari lake anaandika nambari ya hati, tarehe, na waliokuwepo wakati wa kuhesabu. Barua ya uhamisho ikija, anaijibu kwa heshima, anaenda kituo kipya, na anauliza kwa maandishi sababu ya kuhamishwa. Uhamisho ni uleule na kandarasi ni ileile, lakini mahakama sasa ina mstari wa kufuata.

Jihadhari na jambo moja: usibebe faili la asili kwenda nalo nyumbani, wala usipige picha rekodi za wanafunzi au za wagonjwa wa zahanati ya chuo. Utakuwa umempa mwajiri kosa lako mwenyewe la kukushtaki nalo, na kesi itahusu wewe badala ya magodoro. Andika nambari za hati; wachunguzi wana uwezo wa kuzidai. Ukitaka faili lako la ajira au kumbukumbu za kikao kilichokuhusu, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari. Ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21, na ikikataa unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman.

Nani athibitishe?

Kwa ubaguzi, kifungu cha 5 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini mzigo huo haumwangukii siku ya kwanza. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa 2021 kuhusu mfanyakazi wa kampuni ya wakala wa bima aliyefutwa akiwa mgonjwa, ilieleza kwamba mlalamishi huanza kwa kuonyesha ukweli unaoleta picha ya ubaguzi. Hapo ndipo mwajiri hutakiwa kuupangua.

Kwa kufutwa kazi, mwajiri lazima athibitishe sababu yake, na lazima awe alikusikiliza kwanza. Kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kwa wahadhiri chama ni UASU. Kwa wafanyakazi wengine wa vyuo kuna KUSU na KUDHEIHA. Mwite mwakilishi hata kama unaona kikao ni cha kupoteza wakati. Majibu yake yataandikwa kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hizo ndizo jaji atakazosoma.

Wapo wanaochoka na kujiuzulu. Mahakama ya Rufani ilitambua mwaka 2015, katika kesi iliyohusu Coca-Cola East and Central Africa, kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu aondoke, kuondoka huko kunaweza kuhesabiwa kuwa kufutwa. Hata hivyo si njia ya kukimbilia. Barua ya kujiuzulu inayosema "nashukuru kwa nafasi mliyonipa" ni vigumu kuigeuza baadaye kuwa malalamiko. Ukilazimika kuondoka, sema kwa nini katika barua yenyewe, na usikae miezi mingi ukivumilia kabla ya kuiandika.

Muda unaokimbia

Malalamiko kwa afisa wa leba kuhusu kufutwa kazi hupelekwa ndani ya miezi 3. Kesi mahakamani hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu jambo litokee. Kwa madhara yanayoendelea, ndani ya miezi 12 tangu yakome. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa hiyo. Wapo wanaosubiri jibu la rufaa kutoka Baraza la Chuo mpaka muda unawapita.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo mjini Nyeri, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda Nairobi. Ikiwa mshahara wako wa mwezi kabla ya makato hauzidi shilingi 80,000, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu mwenye mamlaka hayo badala ya jaji.

Ukishinda, fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Kurudishwa kazini kunawezekana ndani ya miaka 3 tangu kufutwa, ila mahakama huamuru hivyo kwa nadra, hasa pale uhusiano ulipokwisha kuvunjika. Fidia ya ubaguzi au ya kuvunjiwa haki za kikatiba ni kitu kingine na haina ukomo huo wa miezi 12. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuyatenganisha madai yako tangu mwanzo.

Mfanyakazi wa kaunti ana ile hatua ya ziada. Uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hukatiwa rufaa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2017, waliokwenda mahakamani moja kwa moja wamejikuta wakirudishwa.

Kinga hizi zote zinadai nia njema. Huhitaji kuwa na uhakika wa asilimia 100. Unahitaji sababu ya maana ya kuamini unachosema. Aliyetunga uongo ili kumwangusha mwenzake hana kinga, na Sheria ya Kupata Habari inamhesabu kuwa mkosaji. Na ikiwa maisha yako yako hatarini, mbali na kazi, liko Shirika la Kulinda Mashahidi lililoanzishwa kwa sheria ya 2006. EACC au ofisi ya mashtaka ya umma inaweza kukuunganisha nalo.

EACC ina ofisi ya kanda mjini Nyeri na nambari ya simu isiyolipiwa, 1551. Ina pia mfumo wa mtandaoni wa kuripoti bila kutaja jina, ingawa ripoti isiyo na jina ni ngumu kuiunganisha baadaye na kisasi ulichofanyiwa. Ofisi ya leba nayo iko mjini Nyeri, na huduma yake hailipiwi. Unapoenda, beba kitambulisho, barua ya ajira, hati ya malipo ya mwezi wa mwisho, kila barua uliyopokea tangu uliporipoti, na ukurasa mmoja wenye tarehe zote kwa mfuatano.